Maswali ya wasomaji: amplifaya ya valvu iliyolala stoo miaka mingi

Barua nyingi za safari hii zinahusu amplifaya za valvu (vichupa vya kioo vinavyokuza sauti) zilizofukuliwa stoo: za bendi za dansi zilizovunjika, za makanisa, na redio-gramu za sebuleni. Tumezipanga ili jibu la kwanza liwe msingi wa mengine, kwa hiyo hata mwenye haraka aanzie juu. Kabla ya yote: humo ndani mna volti 300 hadi 500 za DC (umeme wa mwelekeo mmoja), na kapasita huzihifadhi hata plagi ikiwa imechomolewa. Asiyewahi kushika mita ampelekee fundi jarida hili badala ya kufungua mwenyewe.

Fundi, shikamoo. Bendi ya mzee wetu iliacha amplifaya ya gitaa, Vox AC30 ya miaka ya 1960. Tangu bendi ivunjike imekaa kwenye ghala la bati karibu na bahari, paa linavuja na panya wamezaliana humo. Valvu zote zipo na hakuna iliyopasuka. Tuiwashe kwanza tuone kama nzima, au tununue valvu mpya kabisa ndipo tuiwashe? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Msifanye lolote kati ya hayo mawili. Valvu ndiyo inayoumizwa kidogo kuliko vyote na stoo, maana kioo kimezibwa na ndani hamna hewa. Vinavyoharibika ni vile vinavyoizunguka. Kapasita za elektrolaiti hupoteza utando wa oksidi unaozuia umeme kupita. Karatasi iliyomo ndani ya transfoma hunywa unyevu wenye chumvi. Pini na soketi hushika kutu. Mkiichomeka leo, kapasita iliyochoka itageuka shoti, mkondo mkubwa utapita kwenye rektifaya GZ34 (valvu inayogeuza umeme wa AC kuwa DC) na kwenye koili za transfoma ya umeme, na mtakuwa mmeunguza transfoma ya kuagizwa Ulaya kwa ajili ya kapasita ya bei ya soda chache. Valvu mpya hazizuii hilo. Zitaungua nazo.

Fungueni mfuniko wa nyuma, chomoeni valvu moja moja kwa kuzivuta wima, na andikeni kwenye karatasi ipi ilitoka wapi. AC30 ina EL84 nne za kutoa nguvu, GZ34 moja, na valvu ndogo za familia ya ECC83 na ECC82. Angalieni doa la rangi ya fedha ndani ya kioo. Likiwa la fedha au kahawia, valvu ina nafasi ya kuwa nzima. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, hiyo itupwe.

Kisha toeni umeme uliobaki. Kwa amplifaya iliyolala miaka mingi hautakuwepo, lakini fanyeni hivyo kila mara mtakapoizima kuanzia sasa. Chukueni rezista ya kilo-omu 10, wati 10, iungeni kwenye nyaya mbili zenye klipu na zilizofunikwa vizuri. Klipu moja kwenye chasisi (bati la chuma linaloshika vipuri), nyingine kwenye upande chanya wa kapasita kubwa, subirini sekunde 10, halafu pimeni kwa mita. Chini ya volti 10 ndipo mkono uingie. Bisibisi ya kupigia shoti, kama wanavyofanya wengi, hutoboa kapasita na kurusha cheche usoni.

Usafi unafuata, na hapo vaeni glavu na barakoa. Mkojo wa panya hubeba vijidudu vya homa ya mgunda, na vumbi lake halifai kupigwa brashi likiwa kavu. Lilowesheni kwanza kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kisha futeni kwa mswaki laini na kitambaa. Msitumie maji wala dawa ya kufulia yenye klorini. Mkojo huo ni wa chumvi na hupitisha umeme, hivyo hata alama nyembamba ya njano kati ya pini mbili za soketi ya EL84 inatosha kuleta mikwaruzo au moto. Vichuguu vya nyigu vitolewe vyote. Tope kavu halina neno, lakini masika yakifika linanyonya unyevu. Waya uliotafunwa hadi shaba kuonekana ubadilishwe mzima, usifungwe utepe.

Waya wa umeme wa nje ubadilishwe bila mjadala, uwe wa nyaya tatu. Kwenye vifaa vya zamani vya Uingereza nyekundu ni moto (unaoleta umeme), nyeusi ni nyutro (unaourudisha), kijani ni ethi (wa usalama, unaokwenda ardhini). Waya mpya utakuwa na kahawia, bluu, na kijani yenye mstari wa njano, kwa mpangilio uleule. Ethi ifungwe kwa skrubu yake yenyewe kwenye chasisi iliyokwanguliwa rangi na kutu kwa msasa, kisha pimeni kati ya pini ya ethi ya plagi na chasisi: isizidi nusu omu. Angalieni pia kichaguzi cha volti. Kikiwa kwenye 115 na mkakiunganisha na volti 230 za ukutani, hakuna kitakachosalia. Kiwekeni kwenye 230 au 240, kadiri kilivyoandikwa.

Sasa mita, plagi ikiwa nje bado. Koili ya kuingilia ya transfoma ya umeme isome takriban omu 5 hadi 30, kupitia swichi na fyuzi. Ikisoma wazi (umeme haupiti kabisa), shukuni kwanza fyuzi, swichi na kile kichaguzi, kwa sababu pini zake ndizo zinazoshika kutu mapema. Transfoma ya kutolea pimeni kutoka waya wa katikati wenye umeme mkubwa hadi pini namba 7 ya kila EL84: makumi ya omu hadi kama 200, na pande mbili zikaribiane. Upande ukiwa wazi, waya umekatika ndani. Hili hutokea sana pwani, maana waya wenyewe ni mwembamba kuliko unywele, na chumvi ikikutana na shaba yenye umeme mkubwa huila hadi inageuka kijani. Spika nazo: ya omu 8 husoma 6 hadi 7 kwa mita, ya omu 15 au 16 husoma 11 hadi 13.

Kipimo cha uhami (uwezo wa kuzuia umeme usivuje) kinarukwa na mafundi wengi, nacho ndicho muhimu zaidi kwa kitu kilichokaa chini ya paa linalovuja. Azimeni mita ya volti 500 wanayotumia mafundi wa wayaringi, mpime kati ya koili ya kuingilia na chasisi, valvu zote zikiwa nje. Zaidi ya mega-omu 20 ni salama. Kati ya 1 na 20, ikausheni: chasisi ndani ya sanduku la mbao lenye balbu ya wati 60 ya waya wa ndani (ile ya zamani inayotoa joto), tundu dogo juu la kutolea mvuke, siku mbili, joto lisipite nyuzi 60 ili nta isiyeyuke. Ikibaki chini ya mega-omu 1 baada ya hapo, transfoma isukwe upya.

Baada ya hayo ndipo umeme, na upite kwanza kwenye balbu. Katisheni waya wa moto kwenye waya wa kuongezea na muunge kishikio cha balbu hapo katikati, mfululizo na amplifaya. Balbu iwe ya waya wa ndani au ya halojeni. LED na zile za kubana matumizi hazifai. Anzeni na wati 60, valvu zote zikiwa nje: balbu itamulika mara moja kisha izimike au ibaki nyekundu hafifu sana. Pimeni AC kwenye pini 4 na 5 za soketi ya EL84 (karibu volti 6.3, hata 7 kwa kuwa hakuna mzigo), kisha kwenye pini 4 na 6 za soketi ya GZ34, kila moja kwa chasisi, pande mbili ziwe sawa.

Kapasita za kuchujia (zinazolainisha umeme mkubwa) na zile za kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni) zibadilishwe sasa hivi (sababu iko kwenye jibu la barua ya tatu), ndipo valvu zirudi. Fungeni spika, maana amplifaya ya valvu isiyo na spika hutoboa transfoma yake ya kutolea. Wekeni balbu ya wati 100 au 150. Itawaka kiasi na hiyo ni kawaida, kwa sababu hita (waya unaopasha valvu moto) peke yake hula karibu wati 40: EL84 nne ni ampea 3 kwa volti 6.3, GZ34 ni ampea 1.9 kwa volti 5, na nyingine ni za valvu ndogo. Balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote, zimeni. Ikituama, na hakuna moshi wala valvu inayoiva rangi, ondoeni balbu, washeni moja kwa moja na mpime. Umeme mkubwa uwe karibu volti 320 hadi 340, na kathodi za EL84 volti 10 hadi 12 juu ya rezista yao ya omu 50.

Tukokotoe hapo, kwa sababu inaeleza tabia ya AC30. Volti 11 kugawa kwa omu 50 ni miliampea 220, yaani 55 kwa kila valvu. Toa kama 5 za skrini (waya mwembamba ulio ndani ya valvu), zidisha kwa volti 310 za anodi (bati lake kubwa), unapata wati 15 na ushee. Kikomo cha EL84 ni wati 12. Amplifaya hii inakamua valvu zake tangu kiwandani, ndiyo maana inazila. Asiyetaka kununua valvu mara kwa mara aweke rezista ya omu 68 au 82, wati 10, mahali pa ile ya 50. Sauti haitabadilika kwa kiasi cha kulalamikiwa.

Nimetengeneza kifaa cha balbu kama mlivyoeleza zamani. Valvu zote nimetoa, lakini balbu ya wati 60 inawaka kama ya chumbani. Amplifaya ilikuwa chini ya ngazi, ukuta wenye majimaji. (Msomaji, Mombasa)

Kuna shoti kabla ya kufika kwenye valvu. Usikimbilie kuhukumu transfoma. Chomoa plagi, fungua kwa lehemu nyaya zote za upande wa pili wa transfoma, kila moja ukiiandikia alama kwa utepe wa karatasi, na ncha uzifunike. Washa tena kupitia balbu. Ikizimika, transfoma ni nzima na shoti iko nje yake. Rudisha koili moja kila mara: kwanza za hita, kisha za umeme mkubwa. Ile itakayowasha balbu ndiyo yenye njia mbovu. Upande wa hita, kosa huwa ni soketi iliyoungua kati ya pini au taa ndogo ya mbele iliyogusa chasisi. Upande wa umeme mkubwa, kama rektifaya ni ya valvu na umeitoa, hakuna njia ya kufika kwenye kapasita, kwa hiyo tazama waya uliotafunwa au soketi yenye mkaa. Kama rektifaya ni ya dayodi (kipuri kidogo kisicho valvu, hupitisha umeme upande mmoja tu), pima dayodi na kapasita ya kwanza.

Balbu ikiendelea kuwaka huku nyaya zote za upande wa pili zikiwa wazi, zunguko za ndani zimegusana. Kukausha kunasaidia uhami kwa chasisi, hakuondoi mguso wa zunguko kwa zunguko. Transfoma hiyo ni ya kusukwa au kuagiza. Ukimpelekea msukaji, mpelekee pamoja na karatasi yenye volti za kila koili na idadi ya valvu, maana kwa kuhesabu mizunguko peke yake hatajua ampea zinazotakiwa.

Nina redio-gramu ya EL84 mbili na EZ81. Jamaa yangu ananiambia kapasita za zamani zinaweza "kufufuliwa" kwa kupandisha umeme polepole na variaki (transfoma yenye kishikizo cha kubadili volti). Ni kweli? Na kwa nini mafundi wengine wanazikata tu? (Msomaji, Morogoro)

Ni kweli kwa sehemu. Ndani ya kapasita ya elektrolaiti, utando wa oksidi ya alumini ndio unaotenganisha pande mbili. Isipopata umeme kwa miaka, utando hupungua. Ikipewa volti zote ghafla, inavujisha, inapata moto, gesi inajaa na inapasuka. Ikipewa mkondo mdogo uliobanwa, utando hujijenga upya.

Lakini variaki kwenye kifaa chenye rektifaya ya valvu haifanyi anachodhani jamaa yako. EZ81 haipitishi chochote hadi hita yake ipate joto la kutosha. Unapandisha volti 60, 80, 100, kapasita hazipati kitu, kisha kwa mpigo mmoja zinapata mia mbili na kitu. Huko si polepole.

Njia sahihi ni hii. Toa valvu zote, na EZ81 pia. Kutoka pini 1 na pini 7 za soketi yake, kila moja weka dayodi 1N4007 mbili mfululizo (mbili kwa sababu volti za kinyume kwenye koili ya 300-0-300 zinafika karibu 850, na moja ina kikomo cha 1000 tu). Zikutanishe upande wa kathodi, kisha pitisha rezista ya kilo-omu 100, wati 5, hadi pini 3. Funika kila kiungo. Washa, na upime volti juu ya rezista hiyo: kila volti 100 ni miliampea 1. Itaanza juu na kushuka. Ikifika chini ya volti 50 ndani ya saa chache, kapasita zimerudi kiasi cha kutumika. Ikigoma juu ya 100 baada ya saa nne, zimekufa. Angalia kwanza maandishi ya kapasita. Bila mzigo, volti 300 za AC zinakuwa zaidi ya 420 za DC, na kapasita iliyoandikwa 350 haitavumilia.

Hayo ni ya kujua. Ushauri wetu: kapasita ya miaka ya 1960 iliyolala kwenye unyevu ibadilishwe, hata ikifufuka. Elektrolaiti yake imekauka, hivyo itakuwa haivujishi lakini haichuji pia, na utairudia ndani ya mwaka. Kufufua kunafaa kwa kifaa kilicholala miaka michache pakavu, au unapotaka tu kujua kama transfoma zinafanya kazi kabla ya kutoa pesa. Iliyovimba, iliyotoa ute au yenye mpira uliopasuka haifufuliwi kamwe.

Ukibadilisha, usizidishe. Kapasita ya kwanza baada ya EZ81 isipite mikrofaradi 50. Kwa GZ34 kikomo ni 60. Kubwa kuliko hapo, kila ukiwasha rektifaya inarusha cheche ndani na kufa. Ya 16 weka 22, ya 32 weka 33 au 47, zote za volti 450 au zaidi, za kuvumilia joto la nyuzi 105. Zinazofuata baada ya choki (koili ya kuchujia) au rezista zinaweza kuongezwa bila wasiwasi.

Amplifaya inalia vizuri dakika tano, kisha EL84 mbili za upande mmoja zinaiva nyekundu kwenye bati lake la ndani. Nimebadilisha valvu, zile mpya nazo zikaiva. (Msomaji, Kisumu)

Zima kila ukiona wekundu huo, usingoje. Wawili wa upande mmoja kuiva pamoja ni dalili ya kapasita ya kuunganishia, ile ya mikrofaradi 0.047 au 0.1 inayoleta sauti kwenye gridi zao (mlango wa kuingizia sauti kwenye valvu). Za karatasi na nta hunywa unyevu na kupitisha DC kutoka kwenye anodi ya valvu iliyotangulia. Gridi inapata volti chanya, valvu inafunguka zaidi, inaiva.

Thibitisha hivi: weka mita kwenye DC, klipu nyeusi kwenye chasisi, nyekundu kwenye pini 2 ya EL84. Kwenye amplifaya yenye rezista ya kathodi inatakiwa 0, au sehemu ndogo tu ya volti. Ukiona volti 2, 5, 10 chanya, zima, toa EL84 hiyo, washa tena na upime soketi tupu. Volti zikibaki, kapasita inavujisha. Zikipotea, valvu yenyewe ina gesi. Kipimo hicho kinakuokoa kununua valvu mara ya tatu.

Badilisha zote mbili, kushoto na kulia, kwa za polipropilini za volti 630. Pima pia rezista ya gridi inayokwenda chini. Ikiwa kilo-omu 220 au 470 imepanda hadi mega-omu, nayo inaleta ugonjwa uleule. Halafu angalia rezista ya kathodi na kapasita yake ya volti 25: valvu ikiiva muda mrefu, rezista hubadilika thamani na kapasita huungua, na fundi aliyebadilisha valvu peke yake haoni hilo.

Kama kinachoiva si bati kubwa la nje bali waya mwembamba wa ndani, huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Anodi haina umeme, skrini inabeba mkondo wote. Pima pini 7 na pini 9. Ikiwa 9 ina volti 300 na 7 ina sifuri, transfoma ya kutolea imekatika.

Mvumo mkubwa, hata volyumu ikiwa sifuri. Kapasita za kuchujia ni mpya. (Msomaji, Bukoba)

Mvumo una sauti mbili, na sikio linaweza kuzitofautisha. Ule mzito, laini, wa mitetemo 50 kwa sekunde, unatoka kwenye nyaya za hita au ethi. Ule mkali zaidi wa 100, unaozizima, unatoka kwenye umeme mkubwa usiochujwa vizuri. Kwa kuwa haubadiliki kwa volyumu, unaingia baada ya volyumu.

Kwanza toa valvu ndogo, moja moja, kuanzia ya kuingilia kuelekea za kutolea, ukizima kila mara. Inayotolewa na mvumo ukakoma, hapo ndipo mahali pa kuchimba: valvu hiyo, soketi yake, au kapasita inayoilisha. Zote zikitoka na mvumo ukabaki, tatizo liko kwenye valvu za kutolea au umeme wao. EL84 zisizolingana huleta mvumo wa 100 hata kapasita zikiwa mpya, kwa sababu transfoma ya kutolea inafuta mvumo pale tu pande mbili zinapovuta sawa.

Ukisikia ule wa 50, tafuta waya wa katikati wa koili ya hita, au rezista mbili za omu 100 zinazokwenda chasisi kutoka kila upande. Kwenye vifaa vilivyolala, mojawapo huwa imeungua au kiungo chake kimelegea kwa kutu, na hita inabaki inaelea. Ya mwisho ni skrubu za ethi. Kapasita mpya iliyofungwa kwenye chasisi yenye kutu haina faida. Kwangua hadi chuma kiang'ae, weka washa yenye meno.

Mikwaruzo kila nikigusa vishikizo na nikigonga sanduku. (Msomaji, Dodoma)

Dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme ndani ya volyumu, zungusha mara thelathini hivi. Mafuta ya kulegezea nati hayafai, yanavuta vumbi. Pini za valvu kwa msasa laini sana. Matundu ya soketi kwa alkoholi na brashi ndogo ya meno, kisha kaza kidogo vibano vyake kwa sindano, umeme ukiwa umetolewa. Mikwaruzo ikibaki bila kugusa kitu, pima rezista za anodi za kilo-omu 100 za ECC83. Za kaboni zilizonyonya unyevu hupanda hadi 130 au 150 na kuchakarika, na kwa bei yake ni afadhali kuzibadilisha zote. Valvu ikiwa sawa, kathodi yenye rezista ya kilo-omu 1.5 husoma kati ya volti 1 na 2.

Vipuri vinapatikana wapi? Kariakoo nimeambiwa valvu hakuna. Nimepewa 6N2P za Kirusi badala ya ECC83, na kapasita za kwenye saketi ya televisheni. (Msomaji, Dar es Salaam)

Valvu ni za kuagiza, na unapoagiza jua majina pacha: EL84 ni 6BQ5, ECC83 ni 12AX7, GZ34 ni 5AR4. Zinatengenezwa hadi leo, Slovakia na Urusi zikiwemo. Za Kirusi 6P14P zinaingia mahali pa EL84. Lakini 6N2P usichomeke: ingawa inaingia kwenye tundu na kazi yake inafanana, hita yake iko pini 4 na 5 kwa volti 6.3, wakati ECC83 katika amplifaya nyingi hulishwa kwa kuunganisha 4 na 5 pamoja upande mmoja na 9 upande wa pili. Ukichomeka haitawaka kabisa. Soketi ibadilishwe nyaya kwanza.

Kapasita hazihitaji kuagizwa. Kariakoo kuna za volti 450, na Nairobi maduka ya Luthuli Avenue pia. Ile ya televisheni huwa ya volti 400 au 450 na mikrofaradi 68 hadi 150. Kubwa mno kuwa ya kwanza baada ya rektifaya ya valvu, lakini inafaa kwa hatua zinazofuata ikiwa si iliyochoka. Ukikosa volti za kutosha, weka mbili zinazolingana mfululizo: za mikrofaradi 47, volti 350, zinakupa 23 na nusu kwa volti 700. Juu ya kila moja weka rezista ya kilo-omu 220, wati 2, ili zigawane volti sawa. Bila hizo moja hubeba zaidi na kupasuka.

Mjomba ametuma amplifaya ya gitaa kutoka Marekani, ya miaka ya 60, ilikuwa gereji. Ina plagi ya pini mbili na swichi iliyoandikwa ethi. (Msomaji, Zanzibar)

Inataka volti 120, kwa hiyo transfoma ya kushusha, angalau mara moja na nusu ya wati zilizoandikwa nyuma. Umeme wa kule ni wa mizunguko 60 kwa sekunde, hapa 50, hivyo transfoma yake itapata joto zaidi. Baada ya saa moja, ikiwa huwezi kuishika kwa kiganja, izime.

Ile swichi ya ethi inaunganisha kapasita ndogo kutoka waya mmoja wa umeme hadi kwenye chasisi. Ikivujisha, chasisi inakuwa na moto, na nyuzi za gitaa pia. Ikateni kapasita hiyo na kuitupa, swichi ibaki pambo. Wekeni waya wa nyaya tatu: kwa rangi za Marekani moto ni mweusi na nyutro ni nyeupe, kinyume na mweusi wa Kiingereza, kwa hiyo fuateni njia ya waya kwa mita wala si kwa rangi. Moto upite kwenye fyuzi kwanza, kisha swichi, kisha transfoma. Na transfoma ya kushusha iwe na ethi inayopita hadi tundu la kutolea. Nyingi za dukani zina tundu la pini tatu lakini ya ethi haijaungwa na chochote. Pimeni kabla ya kuchomeka.